Mgeni wa Siku Mbili

Muuguzi Riikka alinichoma kifuani,
akaunga mrija, akaniambia nipumue taratibu.
Mimi nikahesabu vigae vya dari: arobaini na saba,
kimoja kina doa mfano wa kikombe.

"Usiguse baridi," akasema. "Usinywe baridi.
Na ukiweza usiivute puani."
Nikamtazama. Nikatazama dirisha.
Januari, mji wa Kuopio,
nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
ziwa limelala chini ya barafu inayobeba lori.
Nikacheka mpaka mrija ukatikisika.
"Hewa nayo," nikamuuliza, "niiagize wapi?"

Nikarudi nyumbani na pampu kiunoni,
imefungwa kama kibindo cha mchuuzi.
Saa arobaini na sita, tone kwa tone,
na kila baada ya dakika mbili inakoroma.
Mgeni siku mbili, nikajisemea;
huyu ya tatu hapewi jembe, anang'olewa.

Oiva hakulala. Aliitegea sikio.
"Imenyamaza."
Haijanyamaza.
"Na sasa?"
Mume wangu, umekoroma miaka thelathini na mmoja,
sikuwahi kukuitia fundi.

Asubuhi nilisahau.
Nikafungua friji, nikashika maziwa,
pakiti ikaniuma.
Si baridi ninayoijua mimi.
Ni siafu, ni chupa iliyosagwa,
ni waya uliochubuka unaopita kwenye ncha za vidole.
Maziwa yakatapakaa, nami nikasimama tu,
maana hata kitambaa cha kuyafutia
kilikuwa kimelowa maji ya bomba.

Tangu siku hiyo friji ina glavu zake,
nyekundu, zimening'inia mpinini.
Oiva hutumbukiza kijiko changu kwenye chai yake
kabla hajanipa supu.
Funguo hanipi. Kitasa cha mlango
hukikumbatia kwanza kwa viganja viwili
kama mtu anayembembeleza kuku.
Na kahawa, jamani, kahawa!
Ina ladha ya sarafu iliyokaa mfukoni.
Nainywa hivyo hivyo. Sitanyang'anywa kila kitu.

Ni mimi huyu, Tellervo,
niliyeshuka ngazi ya mbao alfajiri
miaka ishirini na mitatu,
kabla ya kwenda kuwapikia uji watoto wa shule,
nikazama hadi shingoni
katika shimo lililokatwa kwenye barafu.
Wengine wana kanisa. Mimi nilikuwa na baridi.
Ilinijua jina.

Jumapili nikaenda.
Makoti mawili, skafu hadi machoni,
nikivuta pumzi yangu mwenyewe, ya mtumba.
Nikakaa kwenye benchi kushika taulo za wenzangu.
Hakuna aliyeniambia pole.
Marjut alisema theluji ya mwaka huu ni nyepesi.
Aune akasema ndiyo, nyepesi.
Wakaingia mmoja mmoja, kofia za sufu kichwani,
wakapiga ukelele uleule wa siku zote,
nami koo langu likaupiga nao, bila sauti.

Kyllikki akatoka mwekundu, anafuka moshi.
Akaninyoshea mkono,
akakumbuka,
akaurudisha mgongoni kama mwizi.
Akapotelea ndani ya sauna.
Nikadhani basi.
Aliporudi, mkono ulikuwa moto kama mkate,
akauweka juu ya wangu, tukaangalia maji.

Ndipo nikaisikia.
Chini ya gati kuna pampu ya chama,
inakoroga maji usiku na mchana
ili shimo lisifunge.
Miaka yote hiyo nilikanyaga juu yake
nisijue ina sauti.
Inakoroma kidogo, inanyamaza, inakoroma.

Alhamisi ijayo narudi kwa Riikka.
Glavu nimezifua. Moja imeanguka nyuma ya hita;
Oiva anaivua kwa mwiko
na anatukana.